Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali za Dodoma: aliyetoka zamu ya usiku aachwe alale

Kwa Waganga Wafawidhi, Makatibu wa Afya na wauguzi viongozi wa hospitali za Dodoma na Kanda ya Kati.
Nakala: Wizara ya Afya, Mji wa Serikali, Mtumba.

Ndugu viongozi,

Poleni na majukumu. Najua barua nyingi zinazofika mezani kwenu zinaomba fedha, watumishi au magari. Hii haiombi hata kimoja. Inahusu saa chache za mchana, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, ambazo muuguzi, daktari mtarajali au mteknolojia wa maabara aliyekesha kazini alipaswa awe usingizini, naye yuko macho. Wanaoumia zaidi ni watumishi wapya. Na kwa niliyoyaona, kinachowakosesha usingizi mara nyingi si mgonjwa wala joto la Dodoma. Ni ninyi.

Nijitambulishe. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Miaka yangu mingi ilipita kwenye wodi za wazazi za kanda hii, na kiinua mgongo changu kikaishia kwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha huku Nzuguni. Wapangaji wangu karibu wote ni vijana wa afya: wengine ajira mpya, wengine watarajali waliokuja kumalizia mwaka wao wa mafunzo kwa vitendo. Wanafanya kazi hospitali mbalimbali, za serikali na za mashirika ya dini. Sitataja hata moja, maana nikitaja moja zile nyingine zitapumua. Vijana wenyewe nimewauliza kabla ya kuandika. Wamekubali, ila wameniomba nisiweke lolote la kuwatambulisha, na ombi hilo peke yake lingetosha kuwa barua.

Nichukue mfano wa binti mmoja aliyehamia kwangu akitokea Kanda ya Ziwa, mwaka wake wa kwanza kazini, wodi ya wazazi. Anaingia saa mbili kasoro robo usiku. Zamu inaisha saa moja na nusu asubuhi. Hiyo ni kwenye karatasi. Baada ya hapo kuna kupokezana ripoti kitanda kwa kitanda, kuna kuhesabu vifaa na dawa za kufungiwa, kuna rejesta, kuna kuingiza huduma kwenye mfumo wa kompyuta ambao asubuhi ndiyo saa yake ya kugoma. Siku yenye kikao cha kitengo, aliyekesha ndiye anayesimama kueleza yaliyotokea usiku, na maswali hayaishi. Akitoka getini ni saa tatu na nusu. Hapo anapanda daladala mbili, au bodaboda kama mshahara haujakata, na jua la Dodoma linampiga usoni njia nzima.

Hilo jua si jambo dogo. Mwili una saa yake, na saa hiyo inasomwa kupitia macho. Mwanga mkali wa asubuhi unauambia ubongo kwamba siku imeanza, na homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, inashuka. Wanasayansi watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe hai. Ndiyo maana hata mtu aliyechoka kiasi gani, usingizi wake wa mchana huwa mfupi kuliko wa usiku, mara nyingi kwa saa mbili hadi nne. Kwa hiyo binti huyu anaanza akiwa tayari na deni. Kila dakika atakayoamshwa inakatwa kwenye kile kidogo kilichobaki.

Yangu nimeyafanya. Oktoba na Novemba, chumba cha mabati kisicho na siling bodi hakikaliki mchana. Nimeweka siling bodi na mapazia mazito. Fundi wa mageti wa jirani nilimwendea tukazungumza, akakubali kukata vyuma na kupiga msasa kuanzia saa kumi, asubuhi achomelee tu. Wenye genge wanajua kwamba wakati huo redio inashushwa. Watoto wa uani nao wamezoea. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyesomea afya, na wote walielewa baada ya kuelezwa mara moja.

Iliyobaki ni simu.

Simu inalia saa nne na nusu: ufunguo wa kabati la vifaa uko wapi? Saa tano: faili la mama wa kitanda fulani halina sahihi, rudi usaini. Saa sita kasoro grupu la wodi linaita: watumishi wote kikaoni saa saba, kuna wageni kutoka mkoani. Saa nane: rota, yaani ratiba ya zamu, imebadilika, leo uingie usiku wa watoto badala ya wazazi, kuna mwenzako ana udhuru. Si kila siku yanatokea yote, lakini ni nadra siku kupita bila hata moja. Nami nasikia, kwa sababu ukuta wa nyumba ya kupanga hauna siri.

Nilimwuliza kwa nini hazimi simu. Alinijibu, "Mama, wakinikosa wataniandikia barua." Yuko kwenye muda wa majaribio. Hajathibitishwa kazini. Kwenye grupu la wodi kuna alama ya kuonyesha nani kasoma na nani hajasoma, na mkubwa wake anaiangalia. Kwa hiyo simu inalala kando ya mto, sauti imefunguliwa. Hapo ndipo naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo kiini cha barua yangu kilipo. Hata siku isiyolia, simu ile imeshamwibia usingizi. Mtu anayejua kwamba anaweza kuitwa wakati wowote halali kabisa. Anasinzia huku sikio liko kazini, kama mama mwenye kichanga. Mama mwenye kichanga angalau hana dripu za watu thelathini za kuangalia usiku unaofuata.

Mzee wa kazi hapati shida hii kwa kiwango hicho. Anajua simu ipi ipokewe na ipi isubiri. Ana mdomo wa kumjibu Katibu wa Afya. Mara nyingi ana nyumba yake, mume au mke, binti wa kumpikia, watu wa kusema "amelala, mpigie jioni." Kijana wa ajira mpya hana mtu wa kusimama mlangoni. Akiamka saa sita, anaamka na kuchota maji, kupika, kufua sare, kwenda kwa wakala kutuma hela nyumbani. Mkoa mgeni, mji mgeni, na Dodoma si mji unaompokea mgeni kwa bei rahisi tangu serikali ihamie hapa.

Halafu ndiye anayepewa usiku mwingi zaidi. Sababu nimeisikia tangu nikiwa kazini: hana familia, hana watoto, bado ana nguvu. Rota ikipangwa, wenye watoto wanaombewa, wenye masomo ya jioni wanaombewa, wenye kujuana na mpangaji wanajipanga wenyewe, na usiku unaobaki unamwangukia aliyefika jana. Mbaya zaidi, usiku ndio wakati ambao hakuna wa kumuuliza. Mchana kuna daktari bingwa, kuna muuguzi kiongozi, kuna wenzake watano. Usiku yuko yeye na mhudumu mmoja wa afya, na daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji au ameitwa jengo jingine. Tunamweka mwenye uzoefu mdogo kuliko wote mahali penye msaada mdogo kuliko pote, kwenye saa ambazo ubongo wa binadamu hufanya kazi vibaya kuliko saa zote. Ningekuwa mgonjwa ningependa iwe kinyume.

Hapo unaingia msongo wenyewe. Wengi huufikiria kama uzito wa kazi: kukimbia, kusimama, kubeba. Vijana hawa hawalalamiki sana kuhusu kukimbia. Wanachokisimulia jioni wakikaa barazani ni yale yanayowajia wakishajifunika shuka. Je, ile sindano ya saa kumi nilisaini? Yule mama niliyemwacha presha ikipanda, waliompokea wamempima tena? Nilisema kwenye ripoti au nilisahau? Mtarajali mmoja huwa anaamka, anawasha simu na kumpigia mwenzake aliyeko zamu kuuliza hali ya mgonjwa ambaye si wake tena. Mwili umelala kitandani Nzuguni, akili iko wodini. Moyo unadunda, kotisoli, ile homoni ya msongo, haishuki, na usingizi hauji kwa mtu ambaye mwili wake unaamini bado kuna hatari.

Hofu hiyo ina asili ya kweli, na sitaki ionekane kama udhaifu wa vijana wa siku hizi. Nchi hii imepiga hatua kubwa: takwimu za afya za 2015–16 zilionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na za 2022 zikaonyesha 104. Kwa mkunga aliyefanya kazi miaka niliyofanya mimi, hizo namba zinatoa machozi. Zimeletwa pamoja na utaratibu wa kuuliza kila kifo: nani alikuwepo, alifanya nini, saa ngapi. Ni haki kuuliza. Lakini kiti cha kujibu mara nyingi anakalia aliyekuwa zamu ya usiku, na aliyekuwa zamu ya usiku mara nyingi ni mgeni. Anakijua kiti hicho kabla hajakikalia. Anakiona kila anapofumba macho.

Sasa tuseme hakulala. Aliamka saa moja asubuhi siku ya kwanza ya zamu zake za usiku, mchana akaitwa semina, jioni akaingia kazini moja kwa moja. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, wakati akina mama wengi wanasukuma, ana saa 22 bila kulala. Majaribio yaliyofanywa Australia miaka ya 1990 yalilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe: baada ya saa 17 macho, utendaji wao ulishuka kama wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Baada ya saa 24, kama mwenye asilimia 0.10. Dereva wa Tanzania akikutwa na zaidi ya 0.08 anavuliwa usukani. Huyu wetu tunampa bomba la sindano na kumwambia apige hesabu ya dozi ya kichanga.

Kule Boston, Marekani, mwaka 2004 walichapisha matokeo ya kufuatilia watarajali kwenye vitengo vya wagonjwa mahututi. Walipokuwa kwenye ratiba ya zamani yenye zamu za saa 24 na kuendelea, walifanya makosa makubwa ya tiba kwa asilimia 36 zaidi ya walipopangiwa zamu fupi. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mwingine, pia wa watarajali wa Marekani: baada ya zamu ndefu za namna hiyo, uwezekano wa kupata ajali ya gari wakirudi nyumbani ulikuwa zaidi ya mara mbili. Wale walikuwa ndani ya magari, wamefunga mkanda. Wa kwetu wako nyuma ya bodaboda, wanasinzia wamemshika dereva kiunoni.

Kuna jambo jingine ambalo sitalizunguka. Mtumishi wa afya asiyelala yuko karibu na dawa. Nimewaona vijana wakianza na vinywaji vya kuongeza nguvu usiku, makopo mawili, matatu, kisha asubuhi wanatafuta cha kuzima walichokiwasha. Nusu ya kafeini aliyoinywa saa tisa usiku bado iko mwilini mwake saa mbili asubuhi. Wanaanza na vidonge vya mafua kwa sababu vinaleta usingizi. Baadaye ni diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Wenyewe wanafundisha wagonjwa madhara yake, kwa hiyo kuwapa semina kuhusu diazepamu ni kupoteza chai ya semina.

Jibu ninalolisikia zaidi kutoka kwa wenzangu wa umri wangu ni kwamba sisi nasi tulipita humo humo. Kweli tulipita. Lakini tukishapita getini tulikuwa tumeondoka. Aliyetaka kujua ufunguo uko wapi alitafuta, na ufunguo ukapatikana. Kama ilikuwa lazima niitwe, alitumwa mhudumu kwa baiskeli, na hakuna aliyemtuma mhudumu kwa baiskeli kwenye jua la saa sita kwa ajili ya sahihi moja. Na mji wenyewe ulikuwa mwingine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.08 katika mkoa wa Dodoma. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 3.08. Milioni nzima ya watu imeongezeka ndani ya miaka 10, na wanazaa, wanaugua, wanagongwa na pikipiki. Usiku wa wodini leo si usiku wa enzi zangu.

Jibu la pili ni upungufu wa watumishi. Hili nalikubali bila ubishi; nimeishi nalo tangu siku ya kwanza ya kazi hadi ya mwisho. Ila naomba mnieleze: upungufu wa watumishi unahusikaje na kumwita aliyekesha aje kuwasikiliza wageni kutoka mkoani? Unahusikaje na rota inayobandikwa Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu, kisha inafutwa kwa wino mweupe Jumapili? Palipo na watu wachache ndipo hao wachache wanapopaswa kutunzwa. Kijana akianza kuumwa kila mwezi, au akiandika barua ya kuacha kazi na kwenda kuuza bima, upungufu umeongezeka na mliouongeza mnajulikana.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Rudini kwa binti wangu. Kuingia saa mbili kasoro robo usiku na kutoka saa moja na nusu asubuhi ni kazi ya saa 11 na dakika 45. Mapumziko yanabaki saa 12 na robo. Imepita, kwa robo saa tu. Akitoka saa tatu na nusu, amefanya kazi saa 13 na dakika 45, na ana saa 10 na robo za kusafiri, kula, kuoga, kulala na kurudi. Yaani rota zenu ni halali pale tu ambapo kila mtu anatoka kwa wakati, na ninyi mnajua kuliko mimi kwamba hilo halitokei. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kuvuka mipaka kazi ikiwa ni ya dharura. Sawa. Mama anayetoka damu ni dharura. Ajali ya basi Chalinze ya Chamwino au Manyoni ikileta majeruhi ishirini ni dharura, na hakuna kijana wangu hata mmoja atakayegoma kuamshwa kwa hilo. Nimewaona wakikimbia na kandambili. Sahihi iliyosahaulika si dharura. Kikao cha robo mwaka kilichopangwa tangu Julai si dharura. (Nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa ya usiku nayo iko kwenye sheria hiyo. Leo silidai, nimesema siombi fedha, lakini msidhani nimesahau.)

Kuhusu msaada wa akili. Hapa Dodoma tuna hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, imekuwepo tangu miaka ya 1920. Wataalamu wa usingizi na wasiwasi wako mwendo wa bajaji. Lakini hebu niambieni ni kijana gani wa afya atakayethubutu kuonekana getini pale kama mgonjwa, katika mji ambao hadi leo watu wanatukanana kwa jina la ile hospitali? Kesho yake wodi nzima inajua, na keshokutwa mtu anauliza kama kweli anafaa kushika funguo za dawa. Ushauri nasaha mnaouandika kwenye mipango yenu mara nyingi umekabidhiwa kwa mtu yule yule anayempima kijana utendaji wake. Nani atamweleza bosi wake kwamba halali kwa hofu? Waalikeni wataalamu wa Mirembe waje kwenu, wakae na watumishi wapya bila wakuu chumbani na bila daftari la mahudhurio. Shirika la Afya Duniani lilipofafanua upya, mwaka 2019, ule uchovu wa kazini unaomkausha mtu, halikuuita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukusimamiwa vizuri, na wasimamizi ni ninyi.

Ninachotaka kwanza kabisa ni agizo la maandishi, lenye mhuri na sahihi ya Mganga Mfawidhi, kwamba aliyetoka zamu ya usiku hapigiwi simu wala haitwi kikaoni kabla ya saa kumi jioni, isipokuwa kwa dharura inayogusa uhai wa mtu, na anayepiga aandike jina lake na sababu kwenye kitabu. Hicho kitabu ndicho muhimu. Mtu akijua jina lake litasomwa, ufunguo ataupata mwenyewe. Agizo la mdomo halitasaidia, kwa sababu mtumishi wa majaribio hawezi kumwonyesha mkubwa wake agizo la mdomo.

Ripoti ya asubuhi apewe nafasi ya kwanza aliyekesha, azungumze, aende. Kikao kikiwa na ajenda tisa, ya usiku iwe ya kwanza. Sijawahi kuelewa kwa nini inakuwaga ya mwisho.

Mgeni asishike wodi usiku peke yake mpaka awe ameingia usiku kadhaa pamoja na mzee wa kazi anayeweza kumwambia "hii ni kawaida" au "hapa kimbia ukaite daktari." Maneno hayo mawili yanatibu hofu nyingi kuliko semina. Mkiona hakuna wazee wa kutosha wa kufanya hivyo, tazameni wazee walioombewa kutoingia usiku, na mtazame ni wangapi bado wana sababu ile waliyoombewa nayo. Najua hapo nagusa marafiki zangu.

Rota itoke wiki mbili kabla, na zamu zisonge mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Saa ya mwili wa binadamu inazidi kidogo saa 24, kwa hiyo ni rahisi kwake kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Kumtoa mtu usiku na kumrudisha jioni ya siku inayofuata ni kumvuruga bure. Na usiku, palipo na watu wawili, kila mmoja aruhusiwe dakika 20 au 30 za kujinyoosha akiwa ameachiana na mwenzake, kwa utaratibu unaojulikana. Wanafanya hivyo tayari, mnajua, kwa kujificha stoo, na hawapumziki kwa sababu wanasikilizia viatu vya msimamizi.

Mtarajali au muuguzi mjamzito, naomba mkumbuke, haruhusiwi kisheria kuingia usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Nalitaja kwa sababu nimeliona likivunjwa na wakunga, watu ambao hawana kisingizio.

Rota za mwezi ujao ziko mezani kwenu sasa hivi, nyingine bado za penseli. Anzeni na wodi moja, mkiweza ya wazazi, kwa miezi mitatu, na mwisho mlinganishe siku za ugonjwa, makosa ya dawa na simu zilizoandikwa kwenye kitabu. Kama kuna hospitali itakayotaka tukae tuzungumze, niko tayari kuja kwa nauli yangu, na nitakuja na vijana wawili watatu waseme wenyewe kama mtawahakikishia usalama wa kazi zao. Ila kikao kisiwe asubuhi. Kiwe baada ya saa kumi.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Nzuguni, Dodoma.